Je, Cena alistahili kugonga mbele ya Gunther?

SWALI: Nimemfuata mwanamieleka John Cena tangu nikiwa shule ya msingi. Pambano lake la mwisho nililitazama mpaka kengele, nikabaki na donge kooni. Huyu ndiye mtu aliyetufundisha tusikate tamaa, halafu WWE, kampuni yake ya mieleka, wanamfanya agonge mkono, yaani asalimu amri, kwa Gunther! Wenzangu wananiambia ndiyo desturi, mkongwe huondoka akiwa ameshindwa. Mimi naona ni dharau. Na ule mwaka waliomgeuza adui kwenye hadithi ulikuwa na faida gani?

JIBU: Ndugu yangu, donge lako nalielewa. Nikupe msimamo wangu mapema ili tusizungushane: Cena alipaswa kushindwa usiku ule, na hata kule kugonga nakutetea. Kinachokuuma kimetoka mbali zaidi. Kilianza Toronto tarehe 1 Machi 2025, siku Cena alipogeuka adui, kikaachwa kiporo, na hasira yake ikaja kumwagikia pambano la Disemba ambalo lenyewe halikuwa na kosa.

Tuanze na usiku wenyewe. Tarehe 13 Disemba 2025, ukumbi wa Capital One Arena, Washington. Cena ana miaka 48. Mbele yake yuko Gunther, Mwaustria wa Vienna, aliyeipata nafasi ile kwa kushinda mashindano ya wapiganaji 16 na kumtoa LA Knight kwenye fainali. Kabla ya pambano Gunther alikuwa na ahadi moja mdomoni, kwamba atamgongesha, na dakika za mwisho zilikuwa ni ahadi hiyo ikitekelezwa taratibu. Anamtia kabali, Cena anachomoka. Anamtia tena, Cena anajikongoja na kuchomoka tena. Mara ya mwisho hachomoki. Anatabasamu, kisha anagonga.

Wewe na mimi tunajua matokeo ya mieleka hii hupangwa. Mwaka 1989 kampuni yenyewe, wakati huo ikiitwa WWF, iliwaambia watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba inachofanya ni burudani, ili iondokane na masharti ya tume ya michezo. Kwa hiyo hakuna haja ya kuulizana nani mwenye nguvu kuliko mwenzake. Tunachopaswa kuulizana ni ushindi huu kapewa nani, na atakwenda kuufanyia nini. Jina la Cena lilijengwa kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu usiku wa Juni 2002 alipopanda ulingoni kwa mara ya kwanza kukabiliana na Kurt Angle. Jina la namna hiyo ni mali. Mwenye mali akistaafu bila kumwachia mtu, imepotea yote, maana kesho yeye hana tena pambano la kutuuzia.

Ndiyo maana wakongwe wengi unaowaheshimu waliondoka chali. Ric Flair alishindwa na Shawn Michaels kwenye WrestleMania 24, tamasha kubwa kuliko yote la WWE la kila mwaka, Orlando, mwaka 2008, na hadi leo watu wazima hulia wakiitazama ile sekunde Michaels anapomwambia anampenda kabla ya kumpiga teke la mwisho. Miaka miwili baadaye Michaels mwenyewe akaondolewa na Undertaker. Goldberg aliaga Julai 2025, Atlanta, na aliyemwangusha ni huyohuyo Gunther.

Lakini wenzako wanakosea wanaposema desturi peke yake inatosha. Kushindwa kunaweza kupotezwa bure. Kumbuka WrestleMania 35 mwaka 2019: Kurt Angle, bingwa wa Olimpiki wa 1996, anaaga mbele ya Baron Corbin. Mashabiki hawakumtaka Corbin kwenye nafasi ile, walisema waziwazi wiki nzima, na alipopewa ushindi hakuna kilichoongezeka kwake. Angle alitoa, aliyepokea hakuwa na mfuko wa kuwekea.

Linganisha na ushindi uliotumiwa vizuri kuliko wote ninaoujua. Tarehe 6 Aprili 2014, New Orleans, Brock Lesnar anamfunga Undertaker na kuvunja rekodi ya ushindi 21 mfululizo wa WrestleMania. Watu walikasirika kuliko ulivyokasirika wewe. Kamera ilituonyesha shabiki mmoja ameachama, macho yamemtoka, na picha ile ikazunguka dunia nzima. Lakini tazama kilichofuata. Miezi minne baadaye, kwenye SummerSlam, tamasha jingine kubwa la WWE, Lesnar alimchukua Cena, akamshika kiuno kutoka nyuma na kumtupa kisogoni mara 16, akaondoka na mkanda wa ubingwa. Tuliamini kila mtupo, kwa sababu tayari tulishamwona akimwangusha asiyeangushika. Ushindi wa Aprili ulikuwa mtaji, na Agosti mtaji ule ukazalisha mtu wa kutisha.

Najua utaniletea Sting. Ni hoja nzuri. Mkongwe huyo aliaga Machi 2024 kwenye tamasha la Revolution la AEW, kampuni shindani, mjini Greensboro, na alishinda. Hakuwahi kushindwa hata mara moja katika kampuni ile. Nami niliifurahia kila dakika ya pambano lile. Lakini Sting hakuwa peke yake. Alikuwa na mwenza wake kijana, Darby Allin, wakapigana na Young Bucks wawili kwa wawili, na ule mwanga wa mwisho ulimwangukia Darby kama ulivyomwangukia mzee. Kijiti kilipokezwa hata pale. AEW waliandika urithi ndani ya ushindi, na walikuwa na miaka zaidi ya mitatu ya kuwaona wawili hao wakisimama pamoja. Cena hakuwa na mwenza wa namna hiyo. Alikuwa mtu wa peke yake muda wote, na aliyekuja kurithi alibidi aje kwa mlango wa mbele.

Sasa, kwa nini Gunther? Hapa naomba unisikilize vizuri, maana nadhani ndipo wengi walipochanganya mambo.

Gunther ni mmoja wa watu wachache kwenye kizazi hiki wanaofanya mieleka ionekane inauma. Vile vibao vyake vya kifuani havihitaji maelezo ya mtangazaji. Unaona ngozi ya mwenzake ikigeuka nyekundu. Alishika mkanda wa Intercontinental kwa siku 666, akaivuka rekodi ya Honky Tonk Man ya siku 454 iliyokuwa imedumu tangu miaka ya themanini. Mpaka Sami Zayn anakuja kumvua mkanda ule WrestleMania 40, jambo lile lilikuwa habari kubwa kwa sababu yeye alikuwa mlima.

Mwaka 2025 mlima huo ulichimbwa. WrestleMania 41 alishindwa na Jey Uso, tena kwa kugonga, tena kwa kabali ileile aliyokuwa akiwatia wengine. Juni akaurudisha mkanda wa dunia kutoka kwa Jey, halafu Agosti akaupoteza kwa CM Punk kwenye SummerSlam, akatoweka kwenye skrini kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo alipofika Washington alikuwa mtu anayesemwa ni tishio huku kumbukumbu zetu za karibuni zikimwonyesha akishindwa. Angebanwa mabega na Cena pale, ungemwona Januari na kupiga miayo. Alihitaji kitu ambacho hakiwezi kusahaulika.

Na hapa ndipo kugonga kunapoingia. Fikiria wangemaliza kwa njia ya kawaida: Gunther anamwangusha, anamlalia, refa anahesabu tatu. Cena amebanwa mabega mara nyingi katika maisha yake. Lesnar alimbana Septemba tu, pambano lisilofika hata dakika kumi. Hesabu moja zaidi ingekuwa nambari kwenye orodha. Kugonga ni kitu kingine. Kwenye kubanwa mabega mwili ndio umeshindwa, mtu hakutoa ridhaa. Kwenye kugonga, mtu mwenyewe ndiye anayesema basi. Kumtoa Cena neno hilo mdomoni ni jambo ambalo kizazi kizima cha maadui wake kilijaribu bila mafanikio kwa miaka na miaka. Gunther sasa analo. Ataingia ulingoni miaka mitano ijayo na mtangazaji atalitaja kabla ya jina lake.

Kuhusu tabasamu, hapo ndugu yangu tutabishana daima na ni sawa. Wapo wanaoona lilipunguza makali, kwamba mtu anayekabwa hatabasamu. Mimi naliona tofauti. Kauli ya usikate tamaa aliibeba kama kazi kwa miaka mingi, kwenye fulana, kwenye taulo, mbele ya watoto wagonjwa aliowatembelea kwa mamia kupitia shirika la Make-A-Wish, ambako hakuna aliyetimiza matakwa mengi kuliko yeye. Tabasamu lile lilikuwa la mtu anayeutua mzigo kwa hiari yake mwenyewe. Niliamini uso ule. Kama ningelalamika, ningelalamikia kilichofuata: wapiganaji wamekuja ulingoni, CM Punk na Cody Rhodes wanampa mikanda yao aiweke mabegani, video inachezwa, na ndani ya dakika chache adui aliyefanya jambo kubwa kuliko yote maishani mwake hayupo tena akilini mwa mtu. Wangemwacha Gunther asimame pale kidogo. Wangemwacha azomewe mpaka koo zikauke. Ile ndiyo ilikuwa haki yake.

Badala yake aliyezomewa ni Triple H, msimamizi mkuu wa maudhui wa kampuni. Na hiki ndicho kipimo changu. Adui akizomewa, hadithi imefanya kazi. Bosi akizomewa, watu wameacha kuiamini hadithi na wamegeukia mwandishi. Kwa nini hawakuiamini? Hapo sasa tunarudi kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito.

Cena alitangaza Julai 2024, Toronto, kwamba mwaka 2025 utakuwa wa mwisho. Machi 2025, mji uleule wa Toronto, baada ya kushinda Elimination Chamber, pambano la watu sita ndani ya kizimba, alimkumbatia Cody Rhodes, bingwa wa wakati ule, akamtazama nyota The Rock akipitisha kidole kooni, kisha akampiga Cody mahali ambapo hapapigwi. Baada ya hapo akamtwanga mpaka damu ikamtoka. Zaidi ya miaka ishirini tulikuwa tumeomba tumwone Cena akigeuka adui, na siku hiyo niliruka kutoka kwenye kiti. Ilikuwa ni kitu kikubwa kuliko vyote nilivyoona tangu Hulk Hogan alipogeuka Julai 1996 pale Daytona Beach, mashabiki wakarusha takataka hadi ulingo ukajaa.

Tazama jinsi walivyofanya kwa Hogan. Usiku uleule alikuwa na watu wawili wa kusimama nao, Scott Hall na Kevin Nash. Alikuwa na sababu, kwamba mashabiki hawakumthamini tena. Rangi ya njano na nyekundu ikaondoka, nyeusi ikaingia, ndevu zikapakwa, muziki ukabadilika. Kila wiki ulipowasha televisheni uliona hatua nyingine. Adui alikuwa na nyumba ya kuishi.

Cena hakujengewa nyumba. The Rock, aliyeanzisha mambo yote kwa kumwomba Cody amuuzie nafsi yake, hakuonekana tena. WrestleMania ilifika, pambano kuu la usiku wa pili mjini Las Vegas, ubingwa wa 17 unaoivunja rekodi ya Ric Flair ukiwa mezani, na aliyekuja kuingilia kati ni Travis Scott, mwanamuziki. Baadaye The Rock alieleza hadharani kwamba aliona jukwaa liachiwe Cena na Cody. Nia inaweza kuwa njema. Lakini huwezi kuleta mnunuzi wa nafsi sura ya kwanza na kumfuta sura ya mwisho bila mtu kuuliza nafsi imekwenda wapi. Cena alivaa kaptula zilezile, akaingia kwa muziki uleule, na ubaya wake ukabaki kwenye maneno.

Maneno yenyewe yalikuwa mazuri, sitamnyima hilo. Hotuba ya Brussels tarehe 17 Machi, alipowaambia mashabiki kwamba miaka yote ile wao ndio waliokuwa wakimtesa, ni kati ya kazi bora alizowahi kufanya akiwa ameshika kipaza sauti. Alisema ataharibu mieleka, ataondoka na mkanda na hatautoa tena. Basi nikasubiri kuona mieleka ikiharibiwa. Badala yake tukapata Randy Orton, R-Truth, CM Punk mjini Riyadh, mapambano yaliyofuatana bila moja kumzaa jingine. Kisha tarehe 1 Agosti, usiku mmoja kabla ya SummerSlam, Cena akatokea kwenye SmackDown, kipindi cha kila wiki, akamshukuru Cody na kurudi kuwa mwema. Miezi mitano kamili, na mlango ukafungwa kama haukuwahi kufunguliwa. Siku mbili baadaye yeye na Cody wakatupa pambano la ajabu New Jersey, ambalo lingekuwa mara tatu ya pale kama adui aliyekuja kufa angekuwa bado adui.

Nikuonyeshe namna jambo hili linavyofanywa likifanywa sawasawa, na ni waandishi walewale. WrestleMania 40, Philadelphia, Aprili 2024. Roman Reigns ana siku 1,316 za ubingwa. Cody yuko chini. Roman ana kiti mkononi. Nyuma yake Seth Rollins amekuja amevaa nguo nyeusi za The Shield, kundi lao la zamani, ambalo Seth alilivunja mwaka 2014 kwa kumpiga Roman na kiti mgongoni. Roman anamwangalia Cody, anamwangalia Seth. Anaweza kummaliza Cody na kubaki na mkanda. Anageuka, anampiga Seth. Zile sekunde ndizo zilizompa Cody pumzi, na ubingwa ukaondoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kisasi cha miaka kumi kilikuwa kimepandwa, na tulikiona kikivunwa kwa macho yetu bila mtangazaji kufafanua.

Sasa jaribu kumweka Cena wa 2025 kwenye mizani hiyo. Kwa nini aligeuka? Kwa nini alirudi? Alilipa nini kwa kugeuka? Ukikosa majibu hayo, mwanzo wa mwaka hauna uhusiano na mwisho wake, na Disemba Cena anapogonga, huoni hitimisho la safari. Unaona uamuzi wa ofisini. Ndiyo maana ukumbi ukamgeukia bosi. Hebu fikiria angebaki adui hadi msimu wa vuli, akaanza kupoteza kila kitu kimoja kimoja, mkanda, marafiki, sauti ya watoto, halafu akaja kugonga Washington kama mtu anayekiri kwamba hana tena cha kuthibitisha. Kugonga kulekule, kabali ileile, tabasamu lilelile. Ungelia, lakini usingeniandikia ukiwa na hasira.

Sitaki uondoke ukidhani mwaka wote ulikuwa hasara. Rudi utazame pambano lake na AJ Styles la tarehe 11 Oktoba, Perth, Australia. Wazee wawili wakakubaliana kuwaenzi wenzao wote: kila baada ya dakika mmoja anafanya pigo la mtu mwingine, Undertaker huyu, yule mwingine, na ukumbi unatambua kabla mtangazaji hajataja. Ukiwa na nafasi ya kuonyesha mtu asiyeipenda mieleka kwa nini sisi tunaipenda, anza na hilo. Halafu tazama Boston, tarehe 10 Novemba, nyumbani kwao Massachusetts, alipomvua Dominik Mysterio mkanda wa Intercontinental, mkanda pekee mkubwa ambao hakuwahi kuushika. Aliurudisha kwa Dominik ndani ya wiki tatu, Liv Morgan akisaidia, na Dominik akatoka mkubwa kuliko alivyoingia.

Na usiku wenyewe wa Washington, ukiacha pambano la mwisho, angalia waliopewa nafasi. Oba Femi, kijana wa Nigeria mwenye mabega kama mlango, alipewa bingwa Cody Rhodes apambane naye. Sol Ruca akapewa Bayley. Je'Von Evans na Leon Slater wakapewa Styles na Dragon Lee. Cena alitaka usiku wake wa kuaga uwaonyeshe wanaokuja. Mtu wa namna hiyo asingekubali kuondoka na ushindi mfukoni, na naamini hata wewe, ukikaa nalo, utaona hivyo.

Kilichobaki kiko mikononi mwa WWE. Wamempa Gunther kitu ambacho hakipatikani mara mbili. Mtazame anavyotumiwa: anapigana na nani, anashindwa na nani, na aliyemshinda anapata nini. Atakayemgongesha Gunther awe ni mtu aliyejengwa kwa miezi, mtu ambaye wewe mwenyewe utasimama kumshangilia. Wakimtoa kwa mtu wa kupita tu, kwenye kipindi cha kawaida cha wiki, hapo niandikie tena, na mara hiyo nitakuwa upande wako.